Jenasi mpya ya isopodi: kutoka bahari ya baridi hadi maji matamu ya Kenya

Mwaka 2005 jarida la Proceedings of the Biological Society of Washington lilitangaza jenasi mpya na spishi mpya ya mnyama mdogo aliyepatikana katika maji matamu ya Kenya. Waandishi walikuwa wawili, Niel L. Bruce na Salvador Herrando-Pérez, na jina walilompa ni Kensleylana briani. Nimewauliza watu kadhaa hapa Isiolo, na jamaa zangu wa Mombasa kwa simu, kama wamewahi kulisikia jina hilo. Hakuna hata mmoja. Mwalimu mmoja wa bayolojia aliniambia nimwandikie kwenye karatasi alisome vizuri, kisha akacheka: "Huyu ni mnyama au ni mtu?"

Ni vyote viwili, na nitaeleza. Mimi ni mtu wa Mombasa niliyeletwa Isiolo na kazi, na diploma yangu ni ya maabara, si ya elimu ya wanyama. Lakini nimeishi na hadubini miaka mingi, na wasomaji wa safu hii wananijua sipendi jambo la kwetu lijulikane ughaibuni huku sisi wenyewe hatuna habari nalo. Basi leo tuzungumze isopodi ni nani, jenasi mpya huandikishwaje, na kwa nini ndugu zake wa karibu wako kwenye vilindi vya bahari yenye baridi.

Isopodi ni krustasia, yaani yumo katika ukoo mmoja na kaa, kamba na kamba mti. Jina limetokana na Kigiriki, maana yake "miguu iliyo sawa". Kaa ana magando mbele na miguu nyuma, kila kimoja na umbo lake. Isopodi wa kawaida ana jozi saba za miguu ya kutembelea, na zote zinafanana fanana. Mwili wake umebanwa kutoka juu kwenda chini, kama uliokalishwa chini ya kitabu kizito. Ana binamu yake, amfipodi, ambaye amebanwa ubavuni, kama samaki. Ukikumbuka tofauti hiyo tu umeshawashinda wengi.

Wapwani wote wamewaona bila kuwajua. Ukiinua jiwe lenye unyevu uani ukakuta kidudu cha kijivu kinachojikunja kikawa kama shanga, huyo ni isopodi aliyehamia nchi kavu. Wale wanaokimbia kwa mamia kwenye mawe na kuta za gati maji yakipwa, wanaofanana na mende lakini si mende, ni isopodi wa jamii ya Ligia. Mvuvi anayefungua shavu la samaki akakuta kidudu cheupe kimeganda kwa kucha, au kimekaa mdomoni mahali pa ulimi, huyo naye ni isopodi. Na fundi wa kukata boriti anayeikuta mizizi ya mkoko imetobolewa vishimo kama vya keekee, mtoboaji mara nyingi ni Sphaeroma terebrans, isopodi asiyezidi sana sentimita 1.

Huyu mtoboaji wa mikoko ana kisa kinachohusu mada yetu. Mwaka 2002 jarida la Ambio lilichapisha utafiti wa ghuba ya Gazi, kule Kwale, uliofanywa na Jörundur Svavarsson, Melckzedeck Osore na Emil Ólafsson. Waliuliza kama mdudu huyu ndiye anayeamua mkoko uishie wapi kuelekea baharini, kwa kuwa mizizi inayokaa majini muda mrefu ndiyo inayotobolewa zaidi. Osore alikuwa wa taasisi yetu ya utafiti wa bahari, KMFRI, pale Mombasa. Svavarsson anatoka Iceland, na sehemu kubwa ya kazi yake ni isopodi wa bahari za kaskazini, kwenye maji ya kuganda. Mtu aliyezoea vidudu vya kilindi cha Aktiki akaja kupiga magoti kwenye matope ya Gazi. Hayo si mambo ya bahati. Isopodi ni ukoo mmoja duniani kote, na anayejua kuwasoma wa baridi ataweza kuwasoma wa joto.

Sasa baridi. Sisi tukisema Bahari ya Hindi tunafikiria maji ya uvuguvugu, ya mtoto kuchezea saa kumi jioni. Hayo ni maji ya juu tu. Ukiteremka hadi mita 1,000 mbele ya pwani yetu, maji yako chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na ukipita mita 3,000 yanakaribia nyuzi 2. Giza totoro, baridi ya jokofu. Maana yake ni kwamba bahari ya baridi si lazima uifuate Antaktika. Iko nje ya mwamba wetu, chini.

Huko ndiko anakoishi mkubwa wa ukoo huu, Bathynomus. Jenasi hiyo ilitangazwa mwaka 1879 na Mfaransa Alphonse Milne-Edwards, kutokana na mnyama aliyevuliwa katika Ghuba ya Mexico. Aliitwa Bathynomus giganteus, na hakuwa na haja ya kutia chumvi: wa aina hii hupita sentimita 30. Wakati ule bado kulikuwa na wataalamu walioamini kwamba kilindini hakuna uhai wa maana. Mwaka 2018 msafara wa watafiti wa Singapore na Indonesia ulimpata mwingine kusini ya Java, ndani ya Bahari yetu hii ya Hindi, na mwaka 2020 akatangazwa kuwa Bathynomus raksasa. Raksasa kwa Kiindonesia ni jitu.

Bathynomus na yule mdogo wa Kenya ni wa familia moja, Cirolanidae. Jitu la kilindi chenye baridi na kidudu cha maji matamu ya nchi kame ni binamu. Familia hii wengi wao ni wala mizoga. Norway kuna mwenzao wa maji baridi, Natatolana borealis, ambaye wavuvi wanamchukia kwa haki: samaki aliyenaswa wavuni akilala huko usiku, asubuhi hubaki ngozi na mifupa.

Tujue pia ukubwa wa kazi iliyobaki. Kati ya 2002 na 2005 meli ya utafiti ilichota matope ya kilindi cha Bahari ya Kusini, karibu na Antaktika, na matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2007, Angelika Brandt akiwa mwandishi wa kwanza. Walihesabu spishi 674 za isopodi, na zilizo nyingi zaidi zilikuwa hazijawahi kupewa jina. Safari chache tu, ndoo za matope, na mamia ya viumbe wasio na jina. Waliokwisha kupewa majina dunia nzima, wa baharini, wa maji matamu na wa nchi kavu, wamepita 10,000.

Kuandikisha mmoja tu ni kazi ya miezi, mara nyingine miaka. Watu hudhani ni kumpiga picha na kumtungia jina. Kwanza mnyama analazwa chini ya hadubini na kupasuliwa kwa sindano nyembamba. Kila kiungo kinatolewa: pembe mbili za mbele, taya, vipande vya mdomo, miguu yote saba ya upande mmoja, kisha vile vibapa vitano vilivyo chini ya tumbo ambavyo ndivyo anavyopumulia na kuogelea, na mwisho vimkia viwili vya pembeni. Kila kimoja kinawekwa kwenye kioo na kuchorwa kwa mkono, nywele kwa nywele, kwa kutumia kioo maalumu kinachomwezesha mchoraji kuona mnyama na karatasi kwa wakati mmoja. Naam, kwa mkono, hata katika zama hizi za kamera. Picha huonyesha kila kitu kwa pamoja. Mchoro unalazimisha mchoraji aamue mwiba huu upo au haupo.

Kwa familia ya Cirolanidae vitu vinavyotazamwa sana ni taya, lenye makali ya meno matatu mbele na bapa la kukatia nyuma yake, kibamba kidogo kilicho usoni kati ya pembe, umbo la miguu, na namna vipande vya tumbo vinavyopandana. Kwa mfano, kwa jenasi ya Cirolana ncha za kipande cha tano zimefunikwa na kipande cha nne. Kwa jenasi nyingine ziko wazi. Kwako na kwangu ni jambo la upuuzi. Kwa mwenye fani ni kama mhuri wa ukoo.

Kuna mtego mmoja hapa ambao unafaa kutajwa. Watoto wa isopodi hutoka katika mfuko wa kifuani mwa mama yao wakiwa na jozi sita tu za miguu, ya saba huota baadaye. Tena wakijivua gamba hawajivui lote kwa pamoja kama kaa. Wanavua nusu ya nyuma kwanza, kisha baada ya muda nusu ya mbele, hivyo unaweza kumkuta mmoja ana rangi mbili na upana wa aina mbili. Asiyejua haya anaweza kutangaza spishi mpya ambayo kumbe ni mtoto wa ile ya zamani, au mkubwa aliyevua nusu ya nguo zake.

Spishi mpya ni jambo moja, jenasi mpya ni jambo zito zaidi. Ukisema spishi mpya unasema: huyu ni ndugu wa wale tunaowajua, lakini si mmoja wao. Ukisema jenasi mpya unasema: nimewapitia wale wote wanaojulikana na hakuna nyumba ya kumweka, basi najenga nyumba nyingine. Lazima uonyeshe umepita kila mlango. Ndiyo maana kazi hii hufanywa na watu waliozeeka nayo. Bruce kwa mfano aliandika mwaka 1986 kitabu kizima juu ya Cirolanidae wa Australia.

Wasomaji wa Afrika Mashariki tunao mfano mzuri wa tofauti hii, na si wa mdudu. Ni kima wa Tanzania aitwaye kipunji. Mwaka 2005 alitangazwa kwenye jarida la Science kama spishi mpya ndani ya jenasi iliyokuwapo, Lophocebus, kwa kutegemea picha. Baadaye mkulima wa karibu na Mlima Rungwe akamnasa mmoja shambani, wataalamu wakapata mwili na vinasaba, na ikaonekana ukaribu wake uko zaidi kwa nyani kuliko kwa wale waliomweka nao. Mwaka 2006 akajengewa nyumba yake: Rungwecebus kipunji. Ilikuwa imepita miaka 83 tangu Afrika ipate jenasi mpya ya kima. Kipunji hakubadilika hata unywele mmoja. Kilichobadilika ni ushahidi.

Jina lenyewe lina sheria zake, na sheria hizo zina kitabu chake cha kimataifa. Majina ya wanyama yanahesabiwa tangu mwaka 1758, toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus. Jina la jenasi lazima lichapishwe, liandikwe kwa herufi za Kilatini, liambatane na maelezo ya sifa zinazoitofautisha, na litaje spishi moja iliyo nguzo ya jenasi hiyo. Kila spishi mpya nayo lazima iwe na mnyama mmoja halisi aliyetajwa kuwa ndiye kielelezo, awekwe kwenye makumbusho, apewe namba, ili miaka 200 baadaye mtu mwenye shaka aende kumtazama. Makala ikichapishwa mtandaoni tu, tangu 2012 lazima iandikishwe kwenye daftari liitwalo ZooBank. Lugha ya jina haina mpaka: unaweza kutumia Kilatini, Kijapani, Kiborana au Kiswahili. Raksasa na kipunji ni ushahidi.

Na wataalamu wanapenda utani kuliko tunavyodhani. Mwingereza William Elford Leach, mwaka 1818, alitoa jenasi kadhaa za isopodi kwa kuchezea herufi za jina Carolina au Caroline: Cirolana, Conilera, Rocinela, Nerocila, Anilocra. Zipange upya uone. Ni utani wa miaka 200 iliyopita, lakini umeiachia familia yote mkia wa "lana", na waliokuja baadaye wakaendelea kuubandika: Natatolana, Haptolana, na huyu wetu, Kensleylana.

Sasa namjibu yule mwalimu. Kensley ni mtu: Brian Kensley, mtaalamu wa krustasia kutoka Afrika Kusini, aliyefanya kazi katika makumbusho ya Cape Town kisha Smithsonian mjini Washington, na kufariki mwaka 2004. Mwaka 1978 alitoa mwongozo wa isopodi wa bahari za kusini mwa Afrika, na mwaka 1989, pamoja na Marilyn Schotte, mwongozo wa wale wa Karibiani. Wenzake walimwekea ukumbusho mara mbili kwa haraka: jina lake lote, la kwanza na la ukoo, likaenda kwa mdogo wa Kenya mwaka 2005, na mwaka uliofuata jitu moja la kilindi cha Australia likaitwa Bathynomus kensleyi. Katika kazi hiyo hiyo ya 2006 jitu jingine likaitwa Bathynomus brucei. Kwa adabu ya fani, mtu hajiiti mwenyewe. Hungoja wenzake.

Swali linalonisumbua usingizi ni hili: mnyama wa ukoo wa bahari alifikaje kwenye maji matamu ya nchi hizi? Jirani zetu wana kisa kama hicho, na chao kinajulikana vizuri zaidi. Ethiopia kuna jenasi ya Skotobaena, inayoishi katika maji ya chini ya ardhi. Somalia, Giuseppe Messana na Lorenzo Chelazzi walimtangaza mwaka 1984 Haptolana somala, naye wa maji ya ardhini. Ndugu zake huyu Haptolana wako wapi? Cuba, na kaskazini-magharibi ya Australia. Tazama ramani ucheke. Hakuna aliyeogelea kutoka Havana hadi Somalia.

Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba zamani sana palikuwa na bahari ya joto, Tethys, iliyozunguka kuanzia huku hadi huko kabla mabara hayajakaa yalivyo leo. Bahari iliporudi nyuma, wanyama waliokuwa wamejificha kwenye nyufa za mawe ya pwani walibaki. Maji yakawa matamu polepole, wao wakazoea polepole. Kwamba bahari iliwahi kuingia huku si hadithi: mawe ya chokaa ya Mandera ni ya bahari ya zama za Jurasiki, sawa na mawe ya Kambe kule Kilifi. Ukisafiri kutoka Isiolo kwenda Mandera siku nzima hujaona hata dimbwi, kumbe mwisho wa safari umekanyaga sakafu ya bahari.

Maji ya baridi yana kisa kama hicho, ila kipya zaidi. Isopodi aitwaye Saduria entomon, aliyepewa jina na Linnaeus mwenyewe mwaka 1758, ni wa Aktiki na Baltiki. Barafu kuu ilipoyeyuka na nchi kuinuka, wengine walifungiwa ndani ya maziwa, na hadi leo wamo katika ziwa Vättern nchini Sweden, lenye maji matamu kabisa. Kule ni maelfu ya miaka, huku kwetu ni mamilioni. Njia ni moja: mlango wa bahari umefungwa, aliyebaki ndani akajifunza kuishi.

Wasomali wa Isiolo nikiwatajia haya huniambia habari ya samaki wasio na macho wa kwao, na ni kweli: Phreatichthys andruzzii na Uegitglanis zammaranoi, wa visima na mapango ya Somalia, walitangazwa na Waitaliano miaka ya 1920. Mzee mmoja wa Bula Pesa, aliyewahi kufanya biashara huko, alinieleza kwa makini namna samaki huyo alivyo mweupe hadi damu inaonekana. Sikuhitaji kumfundisha. Wafugaji waliochota maji kwa mikono karne nyingi wamewaona wanyama hawa kabla ya makumbusho yoyote. Waborana wana visima virefu wanavyoviita tula, ambako watu hupanga mstari na kupokezana ndoo kwa nyimbo. Kama kuna watu wanaojua kinachoishi chini ya ardhi, ni hao. Hakuna aliyekwenda kuwauliza na daftari mkononi, na hilo kwangu ni kosa la sisi wasomi kuliko la Wazungu.

Tangu nianze kuzungumzia jambo hili mtaani, vijana wananiletea chupa. Mmoja alinijia jioni baada ya Alasiri, anahema: "Ami, nimempata." Tulimimina kwenye sahani nyeupe, nikaweka kioo cha kukuzia. Walikuwa viluwiluwi vya mbu. Nilimwonyesha wanavyojipinda kupanda juu kuvuta hewa, jambo ambalo isopodi halifanyi, na nikamwambia akafunike tangi lao. Hiyo nayo ni faida. Akaniuliza kama maji yaliyofia wadudu yanafaa kutawadhia. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mdudu asiye na damu ya kutiririka akifia majini hayanajisi, maadamu hajayageuza. Ama kuyanywa, chemsha.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Eneo hili lote linaishi kwa maji ya chini. Mto Ewaso Ng'iro hupotea mchangani kuelekea bwawa la Lorian, na kutoka Merti kwenda Habaswein hadi Dadaab na mpaka wa Somalia kuna hazina ya maji ya ardhini inayonywesha watu na mifugo, pamoja na kambi za wakimbizi. Katikati ya hazina hiyo maji ni matamu, pembeni ni ya chumvi. Ukivuta kupita kiasi, chumvi inasogea. Sisi wa Pwani tunaijua habari hii: vilima vya mchanga vya Shela vinaunywesha mji wa Lamu, na watu wamepigana kuvilinda visijengwe, kwa sababu tamu iko juu na chumvi iko chini, na kati yao hakuna ukuta.

Mnyama wa maji ya ardhini hana pa kukimbilia. Chumvi ikiingia, au choo kikichimbwa karibu, au dawa ikamwagwa kisimani bila kipimo, huyo hufa kwanza. Ndiyo maana katika nchi nyingine wanapima afya ya maji ya ardhini kwa kuhesabu wanyama waliomo, si kwa kemikali pekee. Hapa kwetu tunachimba visima virefu, tunapima chumvi, floraidi na vijidudu vya choo, tunaweka bango la mfadhili na kuondoka. Hakuna anayechuja maji yale kwa wavu mwembamba kuona nani anaishi mle. Wavu huo ni kitambaa tu chenye matundu madogo na chupa mwishoni. Fundi wa kushona wa hapa sokoni anaweza kuutengeneza asubuhi moja.

Yuko atakayesema, kama alivyoniambia mwenzangu ofisini, kwamba watu hawana maji wewe unatafuta wadudu. Namwelewa, ukame wa juzi tumeuona sote. Lakini jibu langu ni la kimaabara. Kemia ya maji inakueleza hali ya siku uliyochota. Mnyama aliyeishi mle vizazi na vizazi anakueleza kwamba maji hayo hayajakauka wala kuharibika kwa muda mrefu sana. Ni shahidi, na shahidi wa bure.

Halafu kuna suala la nani anasoma ushahidi. Vyuo vyetu vinafundisha uvuvi, mazingira, usimamizi wa hiki na kile. Kijana anayeketi miaka mitatu na taya la kidudu anaonekana amepotea njia, hapati kazi. Matokeo yake, jenasi ya Kenya inaandikwa na watu wa nje na kubeba jina la mtu wa nje. Siwalaumu hata kidogo, walifanya kazi na waliifanya vizuri. Makumbusho ya Taifa pale Nairobi na KMFRI pale Mombasa zina watu na zina rafu. Kinachokosekana ni nafasi mbili tatu za kazi kwa ajili ya fani hii, na kaunti zenye visima, Isiolo na Wajir na Lamu, kudai kwamba kila kisima kipya kichujwe mara moja kabla ya kufungwa pampu.

Na hata uainishaji uliopo haujatulia. Mwaka 2003 Brandt na Gary Poore walivunja kundi kubwa lililoitwa Flabellifera, ambalo vitabu vilikuwa vimelitumia kwa zaidi ya karne, na kuwapanga upya isopodi wengi, hawa wa Cirolanidae wakiwemo, chini ya kundi la Cymothoida. Vinasaba navyo vinaendelea kuhamisha watu nyumba. Mwanafunzi wa leo wa Isiolo hajachelewa kuingia.

Kwa anayetaka kujaribu, haya ndiyo ya kufanya ukiona kidudu cheupe chenye miguu mingi ndani ya ndoo ya kisima. Mtazame kwanza: kama amebanwa juu kwenda chini na miguu inafanana, huenda ni isopodi. Usimkaushe juani wala kumweka kwenye chumvi. Mtie kwenye chupa ndogo ya kioo yenye alkoholi ya maabara, asilimia 95 ukiweza ili vinasaba vibaki salama, na mmoja mmoja, wasisongamane. Usiongeze rangi wala sabuni. Kisha kata kipande cha karatasi nene, andika jina la mahali, kisima cha nani, kina cha maji, tarehe na jina lako, na ukiingize ndani ya chupa pamoja naye, si kukibandika nje ambako kitabanduka. Andika kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka ndani ya alkoholi.